Chupa Namba Kumi na Saba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri kuliko wiki iliyopita, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.  

Barua yako nimeipata. Unasema mama mkwe wako bado anakutengea kikombe kwa kuogopa kifua kikuu, nawe unakiosha mwenyewe. Unasema pia kwamba kile kinundu mkononi, pale daktari alipokuchoma sindano wiki sita zilizopita, hakikuuma hata kidogo, ila kila ukilala unahisi mtu amekushika hapo hapo, kwa vidole vikavu, kama Mama alivyokuwa akitushika tukivuka barabara. Ukauliza kama dawa ile inaleta wazimu. Huna wazimu, Dada.

Jibu kwanza. Kipande cha kinundu hicho alichokikata daktari Jumatatu kililetwa kwetu maabara. Nimekitazama kwenye hadubini mara nne, na bingwa wetu, mzee asiyesifia hata chai ya mkewe, akakitazama mara moja akasema hakuna ubishi. Si kifua kikuu. Ni ule ugonjwa wa vinundu uliomsumbua Mama. Hauambukizi, na dawa ya kuutuliza ipo. Kikombe chako kirudi kabatini pamoja na vingine.

Sasa lile nililokuficha. Siku ile uliniuliza ndani ya sindano kuna nini, nikakujibu ni dawa tu, nikageukia dirisha. Haikuwa dawa. Ilikuwa bandama ya mgonjwa wa ugonjwa huu huu, iliyosagwa, ikachujwa, ikapashwa moto hadi isibaki na mdudu hata mmoja. Mwenye ugonjwa akichomwa, ngozi yake huota kinundu. Asiye nao haoti chochote. Lakini si kila bandama husema kweli. Nyingine huotesha vinundu hata kwa watu wenye afya zao. Kwenye friji yetu ipo chupa moja tu ambayo haijawahi kutudanganya, namba kumi na saba, na kwako wewe sikutaka kubahatisha.

Unakumbuka Mama alipopasuliwa akatolewa bandama, mwaka mmoja kabla hajatutoka? Uliniuliza imepelekwa wapi, nikasema imezikwa. Nilikudanganya. Niliisaga mimi mwenyewe, kwa siku mbili, na namba kumi na saba iliyo kwenye chupa ni mwandiko wangu. Tangu nilipoivuta kwenye sindano nikamkabidhi daktari, kila nikifungua friji najiona nimesimama mlangoni kwa Mama bila kubisha hodi. Naogopa, Dada. Naogopa na bado nafungua.

Hatukumwibia. Aliridhia, akatia sahihi, akanikataza nisikuambie kwa kuwa unaogopa damu. Nilipomuuliza kama ana hakika, alisema bora imfae mtoto wa mtu kuliko kutupwa. Hatukujua ni mtoto wa nani.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mkwe msomee ile aya ya jibu tu, inamtosha. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, lakini niandikie. Na vidole vile vikikushika tena, usiutoe mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda