Picha za Kila Siku, Mnadani Garsen

Dada Zubeda, shikamoo. Natumai mafua yamekuachia.

Uliniuliza kama nitaendelea kupiga picha moja kila siku. Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Leo asubuhi, mnadani hapa Garsen, nikapiga picha ya fahali mwekundu. Mwenyewe, mfugaji mrefu wa Kiorma, akanikamata mkono.

"Amekutuma nani? Wezi wa ng'ombe?"

Watu wakatuzunguka. Nikampa simu aangalie mwenyewe. Akazipitia picha za siku zilizopita, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwa mama mmoja niliyempiga picha Bangale wiki iliyopita, anakamua mbuzi. Akaniachia mkono.

"Ni mama yangu huyu. Ukame umetuleta huku na ng'ombe, sijamwona miezi. Niliambiwa anaumwa, hawezi kuamka kitandani."

"Ameamka," nikamwambia. "Hata maziwa alinipa."

Akajifuta uso kwa shuka, akasimama wima kando ya fahali wake. "Nipige picha na mimi. Umpelekee."

Kesho narudi Bangale, dada, na habari ya kuacha kupiga picha sitaki tena kuisikia. Niombee barabara iwe salama, nami nakuombea afya.

Mdogo wako,
Saumu