Mwavuli wa Tukuyu

Jumatano usiku, melini

Na sikumwita mtu hata mmoja. Naandika hivyo kwa sababu mke wangu, Tusekile, hataki kuniamini.

Meli ilifunga gati asubuhi, tukashuka kuutembea mji kwa miguu. Jua kali, wingu hakuna, nami na mwavuli wangu. Mtu wa Tukuyu, kwenye mvua isiyo na miadi, hatoki nje bila mwavuli. Watu walikuwa wengi, nikauinua juu ili Tusekile asinipoteze.

Kugeuka, nyuma yangu pana msafara wa wazee wa Kizungu wa melini. Kumbe waongoza watalii wa huku nao huinua miavuli.

Nilipopotea, walipotea nami. Niliposimama sokoni kubonyeza ndizi, nikinung'unika kwamba hizi kwetu kijijini Ikuti tungewapa ng'ombe, waliitikia kwa vichwa na kuzipiga picha.

"Waambie ukweli, baba Atu," Tusekile akanong'ona.

"Kwa lugha gani?"

Nusura tuachwe. Honi ya meli ndiyo iliyoturudisha, na bado wakanipigia makofi.

Kesho ni bandari nyingine. Tusekile ameuficha mwavuli. Sasa hivi wazee wawili wamebisha hodi wakigusa saa zao, wanataka kujua tunashuka saa ngapi.

Nimewaonyesha kwa vidole.