Kipande cha Anab

Mama Wahome, wamemvunja Anab mkono. Polisi. Asubuhi hii, hapa Kayole, mbele ya kibanda changu cha mboga.

Si unamjua Anab, jirani yangu Msomali aliyeletwa na mwanawe Nuradin. Kiswahili chake ni "asante mama" na "nipe sukuma", basi.

Walikuja wakisaka mtu mwenye bastola. Mmoja akamkuta Anab akichagua nyanya. "Mikono juu! Wewe, mikono juu!"

Anab hakuelewa hata neno moja. Aliona sare tu. Akaingiza mkono kifuani, ndani ya nguo, haraka, vile nilimfundisha mimi.

Mimi, Mama Wahome! Mwaka mzima nimekuwa nikimwonyesha kwa ishara, ukiona polisi usingoje kuulizwa, toa kipande, kile kitambulisho chako, mbio, watakuacha.

Na ubibi wangu huu nikapiga kelele, "Afande, hajui Kiswahili! Anatoa kipande!"

"Shosho, nyamaza!"

Rungu lilikuwa limeshashuka. Nilisikia mfupa, Mama Wahome. Niliusikia. Kipande kikaanguka kwenye nyanya zangu.

Afande alikiokota, akakigeuza huku na huku, akasema, "Sasa si angesema?" Angesema kwa lugha gani?

Tuko hospitali, amefungwa plasta. Hajalia hata kidogo. Amenishika kwa ule mkono mzima, akaninong'oneza kitu kirefu cha Kisomali. Nuradin akainama kwanza, ndipo akanitafsiria.

"Shosho, mama anauliza kama alichelewa kukitoa."