Shangazi, Wanasema Umerudi Kudai Pombe

Shikamoo, Shangazi.

Najua hakuna atakayeitikia. Nimeandika hivyo kwa sababu sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na kalamu imekataa kwenda.

Niseme jambo moja mapema, maana ungeniuliza mwenyewe. Sikuandikii ili nikuombe kitu. Sikuombi unilinde wala unitetee huko uliko. Ulinifundisha pa kupeleka maombi, na huko ndiko ninakoyapeleka. Nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka, basi. Nimekukumbuka mpaka mwili unauma.

Daraja limekwisha kujengwa, Shangazi. Ile foleni ya kivuko pale Kigongo, ulipokuwa unakalia mfuko wako wa michembe, vile viazi vikavu, ukiimba taratibu huku mimi nikilalamikia jua, haipo tena. Gari linapita juu ya maji, ukisinzia kidogo umeshafika Busisi. Watu wanafurahi, na wana haki. Mimi nikipita nageuka kutazama kule kivuko kilikokuwa kinatia nanga. Nyumbani kwako Usagara kulijaa wageni kila siku, kanisani ulikuwa na watu wako. Kwenye foleni ile tu ndipo ulipokuwa wangu peke yangu.

Neema amekua. Ulimwacha anatambaa, sasa anakimbia na kujibu watu. Lakini anaumwa. Alianza kuanguka akiwa anacheza uani, macho yakageuka, povu mdomoni. Nilidhani ndiyo namzika. Hospitali wakasema ni kifafa, wakampa dawa, wakasema tusikose kumpa hata siku moja na tuwe na subira.

Habari ikafika kijijini kabla sijaipeleka mimi. Baba mkubwa akaita ukoo. Kaka yako huyohuyo, aliyekufukuza nyumbani ulipokataa kurithi uganga wa babu. Akatuma ujumbe kwamba wewe umemjia ndotoni unatetemeka kwa baridi. Unadai pombe na mbuzi. Na unataka Neema avishwe ushanga wa babu, ule uliokataa kuuvaa wewe, la sivyo hutamwachia.

Wewe, Shangazi! Wewe ambaye hata togwa ulikuwa unauliza kwanza imelala siku ngapi!

Nilicheka, halafu nikalia. Daudi, mume wangu, hakucheka. Alikuwa amempakata mtoto aliyetoka kuanguka, shati lake limelowa mate ya Neema. Akaniambia, "Mama Neema, twende tu. Mbuzi na ushanga, yaishe. Mtoto akipona tutatubu." Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa nimeshaiwaza sentensi hiyohiyo, ila sikuitoa mdomoni.

Tukaenda. Sikuwa nimeamua kitu, nakwambia ukweli. Njiani mpaka Sengerema nilijaribu kuomba nikakuta ndani pamekauka.

Walikuwa wamekaa kwenye viti uani wakitusubiri, wazee mbele, mama yangu nyuma karibu na jiko. Nikapiga goti mbele ya baba mkubwa. "Shikamoo, baba." Kimya. Unakumbuka alivyokuwa anakufanyia wewe? Unamsalimia, anatazama pembeni, na wewe unasema kwa furaha kabisa, "Basi Mungu ameitikia kwa niaba yako, kaka," unavuta kigoda unakaa. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo. Sauti haikutoka. Nilibaki pale chini, magoti yananiuma, wote wananitazama.

Akaeleza ndoto yake. Akautoa ushanga kwenye kitambaa. Akamwita Neema, na Neema akaenda, maana ni mtoto, aliona vitu vinavyong'aa.

Hapo ndipo nilipomkamata mkono. Sikupanga.

"Baba mkubwa," nikasema, "nisamehe. Shangazi amekufa akiwa wa Yesu. Nilimshika mkono mwenyewe mpaka mwisho. Haoni baridi, na hajarudi kumtesa mtoto aliyembeba mgongoni. Huyu sitamvisha."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Hapana, baba. Labda umemkumbuka. Hata mimi namwota."

Shangazi, uso wake ulibadilika. Kwa muda mfupi sana nilimwona kama kaka wa mtu, mzee aliyefiwa na mdogo wake kabla hawajapatana. Halafu akaufunga. Akasimama, akasema mtoto akifa nisimlete kwenye makaburi yao, na mtu yeyote wa ukoo wetu asije kwenye mlango wangu. Mama alijifunika uso kwa khanga. Daudi ndiye aliyembeba Neema, akanishika bega, akasema, "Twende." Mpaka leo sijamuuliza kama alikubaliana nami au alinionea huruma tu.

Ile siku nilikulaumu. Tukiwa darajani, maji yanang'aa pande zote mbili, nilisema moyoni: kwa nini uliondoka na nguvu zako zote bila kuniachia hata kidogo? Wewe uliwahi kukosa sauti mbele yao? Wewe ulikuwa unatoka kwao unaimba!

Tulipofika nyumbani nikawakuta akina mama wa kikundi chenu cha maombi. Wameshasonga ugali, wameshafua nguo za mtoto. Nikamwambia Mama Eliza, yule rafiki yako mwenye sauti ya trekta, kwamba mimi sina imani kama ya Shangazi, nimeshindwa hata kuomba.

Akaweka mwiko chini. "Shangazi yako? Mwanangu, yule kila akirudi kwao alikuwa anakuja kwangu analia mpaka anatapika. Ananiambia, 'Leo omba wewe, mimi sina neno.' Tunaomba sisi, yeye amelala kwenye mkeka. Kesho yake ndiyo anaanza kuimba."

Hukuwahi kuniambia, Shangazi. Miaka yote ile. Mimi nilikuwa naona nyimbo tu.

Nikalala kwenye mkeka alionitandikia Mama Eliza, nikawaacha waombe. Walimtaja Neema, wakamtaja Daudi, wakamtaja baba mkubwa kwa jina lake bila hasira. Sikusema hata amina. Lakini nilipoamka pale, niliweza kumsamehe baba mkubwa kidogo. Kidogo tu. Kesho yake nikaweza kidogo tena.

Neema bado anaanguka, ila si kama mwanzo. Anameza dawa zake bila ubishi, anafunga macho na kusema "Asante Yesu, hii chungu." Ungecheka. Daudi ameanza kukaa nasi tunaposali. Hasemi kitu, anakaa. Kijijini hakuna aliyekuja. Wadogo zangu hawapokei simu. Mama tu ndiye alinitumia karanga kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini, bila salamu, ila nilizijua kwa namna alivyofunga fundo.

Ninachotamani ni kitu kidogo. Kukaa pembeni yako siku moja, si ile ya kuimba. Ile ya kulia. Nikushike mgongo na kukuombea mimi, maana sasa ningejua namna.

Pumzika, Shangazi yangu. Hakuna pombe nitakayokumwagia, na najua hiyo ndiyo heshima unayoitaka. Nakuahidi hivi: sikukuu ya Krismasi nitavuka kwenda kumsalimia kaka yako. Nitapiga goti palepale. Asipoitikia nitarudi Pasaka, na mvua zikianza, na mavuno. Ni mzee, na nimeona usoni mwake kwamba anakulilia. Sitamwacha akulilie peke yake.

Mwanao,
Kabula