Shali ya Kifurushi

Jumatano, 17 Aprili

Theluji imebaki nyuma ya banda tu. Sisimizi wameshafika — mstari mzima, kutoka dirishani hadi kwenye sukari! Nimefuta njia yao kwa siki, nikaziba ufa. Unga nimeuhamishia kwenye makopo. Mtoto kifuani muda wote. Mkono mmoja, kazi ya miwili.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefungua sanduku la sufu. Nondo wawili, wale walao sufu, puu, usoni! Na chini kabisa imo shali ya ubatizo. Watoto wote wa ukoo wa mume wangu wamebatizwa ndani yake, na Jumapili ni zamu ya mwanetu, Kifurushi. (Jina lake tunalo, ila halitajwi mpaka mchungaji alitaje. Hata hapa siliandiki.)

Nimeikagua uzi kwa uzi. Tundu hakuna. Lakini mayai ya nondo nani anayaona?

Nikampigia mama mkwe. Akacheka. "Nondo tu, mwanangu? Nilidhani nyumba inaungua! Itundike saunani saa nzima, joto kavu. Kavu, umesikia? Hata tone la maji lisiiguse." Kisha akashusha sauti. Akasema mama yake mzazi ndiye aliyeifuma, akiwa na mimba yake yeye mwenyewe, Kerttu. Nikamwambia asihofu, ipo mikononi mwangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekung'uta mazulia uani, nimesugua kabati kwa sabuni. Saa tisa alasiri nikawasha moto wa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, nikaitundika shali juu ya benchi. Nikakaa kunyonyesha. Nikasinzia!

Mume wangu Jarkko karudi kutoka kupasua kuni. Jumamosi, siku ya kuoga, na sauna ina moto — Mfini gani atauliza? Akavua nguo, akaingia bila kuwasha taa, akayamwagia mawe ya moto kata tatu za maji. Mvuke tele. Ndipo akaiona. Na maskini, akataka kusaidia: akaisuuza kwa maji ya moto, akaikamua kama tambara.

Akasimama mlangoni na taulo kiunoni. Shali imekuwa nene, ngumu, nusu ya ilivyokuwa.

"Mama Kifurushi, nimefanya nini?"

"Umewaua nondo."

Tukacheka. Kisha mimi nikalia.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeivuta, nimeibana kwa pini mezani. Haikubali. Jarkko anasema tuseme imeliwa na nondo, tukaitupa. Mama atawalaani wadudu, yataisha.

Nimekataa. Mtoto hajapata hata jina, tumwanzishie maisha kwa uongo?

Nimemfunga ndani yake kuijaribu. Miguu iko nje, vidole vyote kumi. Lakini mabegani imemkaa — imemkumbatia hasa. Hata halii. Amelala.

Gari limeingia. Mama mkwe yuko barazani anafuta matope viatuni. Namsikia: "Yuko wapi bwana mkubwa? Mleteni ndani ya shali yake nimwone!"

Jarkko ananitazama. Haya. Naenda naye hivi hivi, miguu nje —