Tochi ya Mbarak

Time shoga, kaka yangu Mbarak leo nusura ampige mama risasi. Mama yetu, Time!

Karudi nyumbani kutoka kazini mchana, akasikia mtu huko besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Alidhani mama bado yuko kwangu Adelphi. Akashuka na ile bastola aliyoifunga tochi, ati amwone mtu vizuri kabla ya kufyatua.

Lakini tochi iko kwenye bastola! Kumulika ndiyo kumlenga.

Akawasha. Mama huyo, kakumbatia nguo za kufua. “We Mbarak, zima taa, waniumiza macho!”

ZIMA TAA, Time. Hakuiona bastola nyuma ya ule mwanga. Na kidole cha Mbarak kilikuwa kwenye triga, tayari kufyatua.

Mbarak kaing'oa tochi, kanipigia simu kunihadithia, yuko garini analia. Mama naye amepakua wali, kanipigia ananiuliza, “Nduguyo ana nini, mbona haji kula?”

Nimjibuje?