Maziwa ya Punda wa Mzee Badru

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Zuwena,

Shikamoo. Natumaini joto la Maskati halijakuzidi na goti lako limepata nafuu. Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo, alisema usiambiwe.

Simu yako niliiona ikiita, sikupokea. Unisamehe. Nilijua utamuulizia mjukuu wako, somo yako, nikaogopa sauti yangu.

Unajua maziwa ya binti yako Najat yalikauka baada ya ile homa ya uzazi, na mtoto akipewa ya ng'ombe anavimba uso na kuhara damu. Ya kopo aliyoandikiwa, Tanga nzima hayapo, na makopo uliyompa yule msafiri bado hayajafika. Ndipo watafiti wa punda, hao ninaowafanyia ukarani, walipopima maziwa ya punda jike wa mkwewe Najat, Mzee Badru wa Moa. Majibu niliyachapa mwenyewe: safi, mepesi, yanakaribia ya mama. Daktari wa mtoto alikubali yachemshwe, apewe. Mzee Badru hakutosheka mpaka alipomuuliza shekhe wao, akaambiwa kwa dharura inafaa.

Mtoto akaanza kunenepa. Jirani yao, Bi Mwanasiti, hakupita uani bila kumtania Najat: "Haya shoga, mwanao kapata kaka wa kunyonya! Yule mwana punda ni maharimu yake sasa, hamuoi tena!" Najat alicheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka tena.

Yule mwana punda alikanyaga msumari kwenye ubao wa ngalawa, akapata pepopunda. Alikakamaa, taya zikafunga. Daktari wa mifugo, Bi Praxeda, alimdunga sindano akamweka gizani, nasi tukawa tunanong'ona tu, maana kila kelele ilimshtua. Juzi alikufa.

Shangazi, punda hatoi maziwa bila mwanawe. Mimi niliyechapa kurasa zote zile sikulifikiria hilo. Mzee Badru alimwekea mama punda puani gunia alilolalia mwanawe. Jana alilinusa, yakatoka kidogo. Leo alilinusa, akageuza kichwa.

Najat akaja na mtoto, akamwinua mbele ya yule punda.

"Unafanya nini, mwanangu?" Mzee Badru akamuuliza.

"Si mwanawe wa kunyonya huyu, baba? Basi na amwone."

Punda alimnusa mtoto kichwani, taratibu, muda mrefu. Mzee Badru akachuchumaa, akajaribu kumkama. Hakuna kilichotoka. Mtoto alikuwa ameanza kulia, na hakuna aliyesogea.

Barua hii anakuletea Sele, anayesafiri kuja huko, maana haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo. Ukishaisoma nipigie, nitapokea. Sijui nitakuwa na habari gani.

Mama na Bi Mwanasiti wanakusalimu. Najat hakuagiza salamu; usimlaumu. Mola akutie nguvu huko uliko peke yako.

Mimi mwanao nikupendaye,
Yasini